Sura ya Saba: Mstari wa Pili wa Bibi wa Makaa

Kama kuna siku Misuzu Tsukahara aliwahi kuamka akijua atashinda, ilikuwa Jumapili ile. Alipiga mswaki huku akiimba. Alikula wali na samaki wa jana akiwa amesimama. Akavaa sweta ya rangi ya ngano, ile ambayo Yasutaka aliwahi kusema inamsahaulisha alichotaka kusema, akatia kisanduku chake cha kadi mkobani na kushuka ngazi kwa kishindo mpaka jirani wa chini akachungulia dirishani.

Ungewauliza watu wa dukani kwa Gonda, wangekwambia huyo dada hana sababu ya kutamba. Kikosi chake kilikuwa na kadi hamsini, na zote hamsini alizichota kwenye sanduku la yeni kumi.

Sanduku hilo lipo chini ya dirisha, pembeni kabisa mwa duka, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani mjini Okayama. Mna trei ndefu zilizosheheni kadi za mchezo wa Falme Tisa ambazo hakuna azitakaye: za zamani, za picha mbaya, zilizochubuka pembe. Wachezaji wazuri hawaliangalii. Wao huingia, huenda moja kwa moja kwenye kabati la vioo, hununua zile kadi ambazo kila bingwa anazo, hurudi kwao na kupanga kikosi kilekile ambacho kila bingwa amekipanga.

Ni kwenye sanduku hilo Yasutaka Inui alimkuta miaka miwili iliyopita, ameketi kwenye kigoda, kidole gumba kimefunika picha ya kadi na bei yake, macho yapo kwenye maandishi tu.

"Unatafuta kadi gani, nikusaidie?" alimuuliza.

"Sijui bado."

"Sasa utaijuaje ukiipata?"

"Nitaisoma," Misuzu alijibu, hata hakuinua kichwa. "Wewe huwa unazisoma, au unaangalia bei tu?"

Yasutaka alikuwa bingwa wa duka lile misimu mitatu mfululizo, na hakuna aliyewahi kumjibu namna hiyo. Akacheka. Kisha akavuta kigoda cha pili. Walikaa pale saa nne nzima, magoti yakigusana kila trei ilipovutwa, na alipoondoka hakuweza kukumbuka kadi hata moja aliyoisoma.

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao mwanzoni. Sasa yalikuwa yamefika kwenye supu.

Supu ilikuwa ya wiki tatu zilizopita, kwenye kibanda cha tambi pale stesheni, wamesimama bega kwa bega. Kampuni ilikuwa inamhamisha Yasutaka kwenda Sendai, kaskazini ya mbali kule, na tarehe ya kuondoka ilikwishatajwa.

"Mama bado hajazoea," alikuwa amesema. "Tumpe muda kidogo. Subira yavuta heri."

"Heri ya nani, Yasu? Miaka miwili nimesubiri. Mama yako analijua jina langu?"

"Analijua."

"Analijua jina, au anaijua X yangu tu?"

Misuzu aliolewa akiwa na miaka ishirini na mitatu, akaachika akiwa na ishirini na mitano. Kwao mtu wa namna hiyo husemwa kuwa ana X moja, kwa kuwa zamani jina lake lilikuwa likikatwa kwa X kwenye daftari la ukoo. Daftari siku hizi lipo kwenye kompyuta na hakuna anayekata kitu, lakini midomo ya watu haijapata habari. Mama Inui aliposikia kuhusu hiyo X hakutaka kusikia la pili. Alimtafutia mwanawe mchumba mwingine, mwalimu wa chekechea, binti wa rafiki yake, anayeishi Sendai kwenyewe. Picha ya binti huyo ilikuwa tayari ndani ya bahasha.

"Na hiyo picha, mama yako umemwambiaje?" Misuzu aliuliza.

"Sijasema ndiyo."

"Umesema hapana?"

Yasutaka akanywa supu.

Hapo ndipo Misuzu alipoweka vijiti vyake chini. "Nisikilize vizuri. Mimi si kadi ya kufungiwa kabatini huku unangoja bei ipande. Kuna mashindano dukani, Jumapili ya mwisho kabla hujaondoka. Nitakuja na kikosi cha sanduku la yeni kumi, kadi zote hamsini. Nikikufunga, utamwambia mama yako mbele yangu, kwa mdomo wako, kwamba unanitaka mimi. Ukinifunga wewe, nenda Sendai kwa amani. Simu yangu hutaisikia."

"Misuzu, haya si mambo ya kuchezea kadi."

"Mbona unaogopa? Si bingwa wewe?"

Watu wa kibanda walikuwa wamegeuka kusikiliza, na bingwa akaitikia kwa kichwa.

Jumapili ikafika. Misuzu alimfunga wa kwanza, akamfunga wa pili, akamfunga wa tatu, na kila aliyefungwa alisimama akikuna kichwa na kusema eti ni bahati. Gonda, mwenye duka, jitu la watu lililovaa aproni yenye mfuko mmoja uliochanika, alipita na ubao wa majina.

"Dada, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimtania. "Hizo kadi zako zimejitembeza mpaka fainali?"

"Mdharau mwiba mguu huota tende, bosi. Andika jina langu kwa wino."

"Na bingwa wangu je?"

"Lake andika kwa penseli."

Yasutaka alisikia. Alikuwa amesimama kwenye mashine ya vinywaji na kopo la kahawa mkononi, na macho yao yalipokutana hakuna aliyeyakwepesha. Misuzu aliona alivyokonda usoni. Aliona kola ya shati ambayo haikupigwa pasi, akatamani kuinyoosha kwa mkono wake. Moyo ulimpiga vibaya. Akauambia moyo utulie, kuna kazi kwanza.

Saa nane kasorobo, mlango wa duka ulifunguliwa, akaingia mama mmoja wa makamo, koti la kutokea, mkono mmoja maua yaliyofungwa kwa gazeti, mkono mwingine kifurushi cha kitambaa cha zambarau. Wanaume ishirini waliokuwa wakibishana juu ya kadi walinyamaza kwa pamoja. Duka lile halikuwa limewahi kuona koti la namna ile.

"Mama?" Yasutaka nusura aangushe kopo.

"Usiniite Mama. Saa tisa tupo makaburini, wiki nzima nimekukumbusha. Babu yako anakungoja na wewe upo hapa unacheza." Alimgeukia Gonda, akainama, akamkabidhi kifurushi kwa mikono miwili. "Mwanangu anakusumbua miaka mingi. Ni keki za mchele na maharage, nimezisonga mwenyewe. Si kitu."

"Aa, Mama Inui, umejisumbua bure," Gonda alisema, mikono yake tayari imeshakipokea kifurushi.

"Huu mchezo unachukua muda gani? Makaburi hayangoji."

"Mama, kama kuna kitu duniani kinangoja, basi ni makaburi," Gonda alisema.

Mama Inui alimpa mgongo. Kisha akamwona Misuzu. Waliwahi kuonana mara moja tu, mlangoni, kwa dakika tatu.

"Bi Tsukahara."

"Mama Inui. Karibu. Leo kuna baridi."

"Kuna baridi."

Mazungumzo yakaishia hapo. Lakini Misuzu hakushtuka. Alikuwa ameapa kwamba mama huyu atayasikia maneno leo, na kama mama mwenyewe amejileta kwa miguu yake, basi amempunguzia nauli ya kwenda kwake. Gonda alimsogezea mgeni kiti kando ya meza ya fainali. Bahasha ya kahawia, ile ya picha, ilichungulia kwenye mkoba wa mama huyo.

Juu ya meza hiyo kuna bango aliloliandika Gonda kwa mkono wake mwaka aliofungua duka. Mstari wa kwanza unasema: Mtazamaji hasemi. Wa pili unasema: Ukiwa na shaka na kadi ya mwenzako, omba kuisoma, si aibu. Mstari wa kwanza hufuatwa na wote. Wa pili hakuna bingwa aliyewahi kuufuata, kwa sababu kuomba kusoma kadi ni kukiri mbele ya watu kwamba ipo kadi usiyoijua, na bingwa gani atakubali hilo? Mama Inui alivaa miwani, akalisoma bango lote, akafunga mdomo.

Wachezaji wawili waliinamiana. "Naomba mchezo mwema," walisema pamoja, na sauti ya Yasutaka ilikuwa nzito.

Kila mmoja alikuwa na ngao tano mbele yake. Anayezivunja zote za mwenzake kisha akapiga pigo moja zaidi, ameshinda. Misuzu alianza na askari wake wadogo, wale wa picha za ovyo, na mmoja wao akavunja ngao ya kwanza ya Yasutaka kabla bingwa hajajipanga. Watu walitabasamu, kama watu wanavyotabasamu mtoto akimpiga ngumi baba yake.

Zamu ya tatu Yasutaka aliitoa kadi iliyokuwa ikingojewa. Jemadari wa Theluji. Msimu ule kila aliyejiita mchezaji alikuwa naye. Kila apigapo, mpinzani hulazimika kutupa kadi moja ya mkononi mwake, na mtu akishaishiwa mkononi, amekwisha.

"Jemadari anashambulia," Yasutaka alisema. Ngao moja ya Misuzu ikavunjika. "Tupa kadi moja."

"Hii hapa." Misuzu alichomoa kadi, akaionyesha meza nzima, kisha, badala ya kuipeleka kaburini, penye rundo la kadi zilizotupwa, akaiweka uwanjani mbele yake. "Bibi wa Makaa."

Ilikuwa kadi ya miaka tisa iliyopita. Kikongwe kimeinama chini ya kapu la makaa, pua nyeusi tii, rangi za picha zimefifia kama aliyeichora alichoka katikati. Kona moja ya kadi ilikuwa imechubuka.

"Mpinzani akinilazimisha kumtupa, sitampoteza, anaingia uwanjani bure," Misuzu alieleza.

Mnong'ono ulizunguka. Miaka tisa iliyopita hapakuwa na kadi ya kulazimisha mtu kutupa chochote, kwa hiyo Bibi wa Makaa alikuwa bure kabisa, na watu walimmwaga sandukuni kwa mamia. Kisha akaja Jemadari, na hakuna aliyerudi sandukuni kuangalia. Misuzu alirudi. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake yote, kama ni siri. Kadi haibadiliki hata nukta. Dunia ndiyo hubadilika, na siku moja dunia hufika pale kadi ilipokuwa imesimama ikingoja.

Yasutaka aliitazama kadi. Misuzu akamtazama yeye.

"Unataka kuisoma?" alimuuliza, kwa upole wa kweli.

Watu ishirini walikuwa wamewazunguka. Mama yake alikuwa hatua mbili kutoka pale.

"Nimeielewa," alisema Yasutaka.

Alishambulia mara moja zaidi, labda ile ya kwanza ni bahati. Akaingia Bibi wa pili. Hapo akaacha. Hakuwa mjinga, alijua kila akilazimisha, anamwongezea mwenzake kikongwe kingine. Akabadili mwendo. Akawarudisha askari wake nyuma kuwa ukuta, na kila kadi aliyoivuta akaishikilia. Nne. Tano. Saba. Alikuwa anangoja wakati mzuri, akusanye nguvu, kisha apige mara moja amalize.

Misuzu alimjua mtu wake. Ndivyo alivyokuwa katika kila kitu. Zawadi ya siku ya kuzaliwa aliinunua mapema na kukaa nayo mpaka siku ikapita. Barua ya kuomba radhi aliiandika na kuitia kwenye droo. Alimpenda hivyo hivyo, na kwa sababu hiyo hiyo alikuwa amekwenda sandukuni Jumamosi tatu mfululizo, kidole gumba juu ya picha, mpaka akampata bibi mwenye pua nyeusi.

Yeye hakushikilia kitu. Kila alichovuta alikishusha, mpaka mkononi mwake ikabaki kadi moja.

"Nashambulia na wote," alisema. "Bibi wawili, na hawa watatu."

"Nawazuia," Yasutaka alisema, akisogeza ukuta wake mbele. "Huyu anamzuia huyu, huyu..."

"Huwezi kuzuia."

"Kwa nini nisiweze?"

"Una kadi ngapi mkononi?"

"Saba."

"Mimi nina moja." Alimgeuza Bibi wa Makaa, akamsogeza taratibu upande wa pili wa meza mpaka kadi ikagusa vidole vya Yasutaka. "Mstari wa pili, Yasu."

Alisoma. Duka lote lilimwona akisoma. Mpinzani akiwa na kadi nyingi mkononi kuliko wewe, hawezi kuzuia mashambulizi yako. Alirudia tena, midomo ikicheza. Masikio yakawa mekundu. Ngao nne zilizobaki zilivunjika moja moja, na askari wa tano, yule mdogo kuliko wote, akamaliza kazi.

"Nimefungwa," Yasutaka alisema, akainama mpaka nywele zikagusa meza.

Watu walilipuka kwa kelele. Gonda akaenda kutafuta kalamu ya wino. Lakini Misuzu hakuinuka, wala hakusherehekea. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imetulia.

"Haya," alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mama yupo, mimi nipo, mdomo unao."

Yasutaka alisimama. Alikuwa mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu Misuzu amjue, hakukunja mgongo kuuficha urefu wake.

"Mama."

"Nimekaa hatua mbili, Yasutaka. Nakusikia."

"Ile picha uirudishe. Namtaka Misuzu. Simtaki mwingine, Sendai wala hapa."

Mama Inui alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa sababu umefungwa karata?"

Swali lilimchoma Misuzu vilevile, maana ndilo alilokuwa akilikwepa wiki tatu. Je, mtu aliyelazimishwa kusema, amesema?

"Hapana," Yasutaka alijibu. "Kampuni ilitupa fomu ya nyumba. Wanauliza mnakwenda wangapi, ili wajue wakupe nyumba gani. Mimi nimeandika wawili. Nimeandika na jina lake."

"Lini?" Wanawake wawili waliuliza kwa pamoja, wakatazamana kwa mshangao.

"Mwezi uliopita. Tarehe kumi na nane."

Misuzu alihesabu. Kisha akasimama, na kiti kikaanguka nyuma yake. "Kabla ya supu! Siku ile umesimama pale unakunywa supu, mimi nalia moyoni, wewe umeshaandika?"

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri wa kusema."

"Wakati mzuri! Unaondoka Alhamisi, mwanamume wewe! Ungeniambia ukiwa kwenye treni?"

"Na mimi je?" Mama Inui naye alikuwa amesimama, maua yakimwagika majani. "Mwezi mzima nahangaika na picha za watoto wa watu, nakunywa chai kwenye nyumba za watu, kumbe mwenzangu ana fomu mfukoni? Baba yako alikuwa hivi hivi. Alikaa na pete miezi minane. Nimeiona mimi, nikifua suruali!"

"Miezi minane?" Misuzu alishindwa kujizuia.

"Minane. Ilianza kupata kutu."

Misuzu akacheka. Hakutaka, ikamtoka. Na kwenye pembe ya mdomo wa Mama Inui kitu kilitikisika, akakirudisha mahali pake haraka.

Yasutaka alisimama kati yao kama mtu aliyenyeshewa. "Niliogopa," alisema, na sasa hakuwa akizungumza na watu wa duka wala mama yake. "Una kazi yako kliniki ya meno, una watu wako hapa. Nikikuuliza ungeweza kukataa. Neno ambalo hujalisema, hakuna anayeweza kulikataa."

"Na hakuna anayeweza kulikubali," alisema Misuzu.

Machozi yalimjaa machoni. Aliyaacha yajae, hakuwa na haya nayo. "Watu wa Sendai nao wana meno, Yasu. Nitapata ya kusafisha. Nakupenda, na nitakwenda na wewe. Lakini sitatoka mji huu kimyakimya kama niliyeiba kitu. Mama yako akiwa hanitaki, na aniambie mwenyewe, nimsikie."

Wote walimgeukia Mama Inui. Aliweka maua mezani. Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Ile kadi," alisema. "Naomba kuisoma."

Misuzu akampa kwa mikono miwili. Mama alikisogeza kile kikongwe karibu na miwani, akakisoma kuanzia jina mpaka nukta ya mwisho.

"Ndivyo nilivyoona," alisema. "Tangu alipoiweka mezani niliisoma, nikiwa huku pembeni, maandishi yamelala. Mistari yote miwili. Nilitaka kumwambia huyu asishikilie yale makaratasi. Ila bango limekataza."

"Mama!" Yasutaka alilalamika.

"Nyamaza. Yeye alikuuliza kama unataka kusoma. Nilimsikia." Akaichomoa bahasha ya kahawia mkobani na kumtia mwanawe mkononi. "Hii utairudisha wewe, kwa Mama Kanbe, mama yake huyo binti, leo hii, kwa mdomo wako. Mimi nimechoka kukusemea. Kabla ya hapo, katununulie chai ya moto. Mbili."

"Na makaburi?"

"Bwana huyu amesema yanangoja."

Gonda aliinua kile kiti kilichoanguka, akakipangusa kwa aproni. Lakini Mama Inui alizunguka meza, akakaa kwenye kiti cha Yasutaka, kile cha mpinzani, akafungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Alikuwa na mikono ya mtu aliyefanya kazi nyingi, na kwa karibu alionekana mzee kuliko pale mlangoni.

"Bi Tsukahara," alisema. Akasita. "Misuzu. Kadi nimeisoma yote, nawe nilikusoma neno moja nikafunga. Hilo ni kosa langu." Akaiweka kadi mezani katikati yao. "Hiyo ndoa yako ya kwanza. Ilikuwaje? Nataka nisikie kwako, si kwa watu."

Asubuhi ile Misuzu alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Alijua atajibu nini akitukanwa, atajibu nini akipuuzwa, atatokaje mlangoni kichwa juu akikataliwa. Hili hakuliandalia jibu. Miaka sita watu walikuwa wakimhukumu kwa X moja, na hapajatokea hata mmoja wa kumuuliza.

Alikaa. Akaweka mikono mapajani, akainama kama wachezaji wanavyoinama kabla ya mchezo, na mama yule, akichelewa kidogo tu, akainama naye.

"Basi, Mama," alianza, "siku ya harusi yenyewe kulikuwa na mvua kubwa, na mimi nilikuwa na furaha sana."